Bladud na Chemchemi ya Bath: Hekaya Ilimnufaisha Nani?

Mji wa Bath, kusini-magharibi mwa Uingereza, una chemchemi tatu za maji moto, zote katikati ya mji na zikiwa hatua chache baina yao. Iliyo kubwa huitwa Chemchemi ya Mfalme. Hutoa zaidi ya lita milioni 1 kwa siku, na maji yake hutoka yakiwa na joto la nyuzi 46 hivi. Hakuna volkano karibu. Hayo ni maji ya mvua iliyonyesha maelfu ya miaka iliyopita, yakapenya katika mawe ya chokaa hadi kina cha zaidi ya kilomita 2, yakapashwa na joto la ardhi, kisha yakapanda tena kupitia ufa katika miamba. Huko chini hukusanya kalsiamu, salfeti, sodiamu na chuma kidogo. Chuma hicho ndicho kinachopaka rangi ya kutu kila jiwe linaloguswa na maji. Hayo tunayajua leo. Kwa karne nyingi waliofika hapo waliona maji yakifuka mvuke bila moto, katika nchi ya baridi, nao wakataka kuambiwa ni nani aliyeyawasha.

Jina walilopewa ni Bladud. Hekaya yake, kama wageni wanavyosimuliwa hadi sasa, inasema alikuwa mwana wa mfalme aliyekwenda Athens kusoma, akarudi nyumbani na ukoma. Akatengwa, akaondoka katika jumba la baba yake na kuwa mchunga nguruwe. Nguruwe nao wakaambukizwa. Siku moja wakati wa baridi kali wanyama wale wakakimbilia kwenye tope lenye joto, wakagaagaa humo, na walipotoka ngozi zao zilikuwa safi. Bladud akawafuata, akapona, akarudi kudai haki yake ya ufalme, na alipotawala akajenga mji mahali pale. Hadithi ina kila kitu: mgonjwa, aibu, wanyama wenye hekima kuliko binadamu, na mwisho mwema. Ndiyo maana inauzika.

Wanaoiandika wamegawanyika makundi mawili. Kundi la kwanza huitupa yote kuwa ni porojo na kumwelekeza msomaji kwa Warumi, walioacha mawe na maandishi. Kundi la pili huishika kwa upole, likisema chini ya kila ngano pana kumbukumbu ya kale, na kwamba huenda kweli palikuwa na mchungaji na nguruwe. Naona makundi yote mawili yamekosea. Katika hekaya ya Bath umo ukweli wa kihistoria, tena mkubwa, lakini haupo pale watu wanapoutafuta. Penye tarakimu, nasaba na maelezo yanayoingia akilini ndipo penye uzushi. Na penye jambo la ajabu ambalo halikumfaa msimulizi yeyote, ndipo ilipojificha historia. Kwa hiyo swali la kuiuliza kila sehemu ya hekaya hii ni moja: ilimnufaisha nani?

Tuanze na chanzo. Bladud anaonekana kwa mara ya kwanza katika historia ya wafalme wa Uingereza iliyoandikwa kwa Kilatini na Geoffrey wa Monmouth karibu na mwaka 1136. Kwa Geoffrey, Bladud ni baba wa mfalme Leir, yule ambaye Shakespeare alimgeuza kuwa King Lear. Alijenga mji, akatengeneza hamamu za maji moto, akaziweka chini ya ulinzi wa mungu wa kike Minerva, na katika hekalu lake akawasha moto usiozimika. Alikuwa bingwa wa uchawi. Mwishowe akajitengenezea mabawa, akaruka, akaanguka juu ya hekalu la Apolo katika mji ambao sasa ni London, akavunjikavunjika. Ukoma haumo. Nguruwe hawamo. Mwaka haumo pia. Geoffrey anasema tu kwamba hayo yalitokea zama za nabii Eliya, alipoomba mvua isinyeshe. Msomaji aliyefika Bath na hadithi ya nguruwe kichwani hana budi kutambua kwamba mtu wa karne ya 12 asingeielewa.

Geoffrey alikuwa na sababu zake. Waingereza wa wakati ule walitawaliwa na Wanormani, na kitabu chake kiliwapa Wabritoni wa kale ukoo wa wafalme unaorudi nyuma hadi Troy, ukoo ambao hata watawala wapya wangependa kujinasibisha nao. Bath yenyewe ilikuwa imefufuka. Askofu John wa Tours, ambaye pia alikuwa tabibu, alihamishia makao ya uaskofu hapo karibu na mwaka 1090, baada ya mji kuchomwa katika uasi wa 1088. Mwandishi mmoja wa zama za Mfalme Stephen anaeleza jinsi wagonjwa walivyomiminika kutoka kila pembe ya Uingereza. Mji wenye wateja ulihitaji mwasisi, naye Geoffrey akautafutia wa kifalme. Kwa kipimo changu, basi, mfalme mwasisi anaanguka mara moja: alimfaa kila mtu aliyekuwapo.

Lakini tazama ule moto. Geoffrey anasema moto wa Bladud haukuwahi kugeuka jivu. Ulipoanza kufifia uligeuka mabonge ya mawe. Ni maelezo ya ajabu, yasiyoongeza heshima ya mfalme wala mapato ya askofu. Na Geoffrey hakuyabuni. Miaka kama 900 kabla yake, mwandishi wa Kirumi aitwaye Solinus alikuwa ameandika kwamba Britania kuna chemchemi za maji moto zilizo chini ya Minerva, na kwamba katika hekalu lake moto wa kudumu haugeuki jivu jeupe bali mabonge ya mawe. Hakuutaja mji kwa jina, ila Britania haina mahali pengine panapolingana na maelezo hayo. Kwa karne nyingi wasomaji waliyapita kama mazingaombwe. Leo maelezo yanayokubalika zaidi ni rahisi ajabu: hekaluni walikuwa wakichoma makaa ya mawe. Eneo la Radstock, kusini-magharibi mwa Bath, lilichimbwa makaa ya mawe hadi migodi ya mwisho ilipofungwa mwaka 1973, na mabaki ya makaa yamepatikana katika maeneo ya Kirumi kandokando ya mji. Mtu kutoka Italia, aliyezoea kuni na jivu lake laini, angeona nini kwenye moto wa namna hiyo? Angeona mabonge magumu, meusi, yasiyosagika. Angeyaita mawe. Hakukosea.

Huo ndio ukweli ninaouzungumzia. Sehemu ya hekaya iliyoonekana ya kichawi kuliko zote ni taarifa ya kweli kuhusu nishati. Imesalimika kwa sababu Geoffrey hakuielewa: anayenakili asichokielewa hana sababu ya kukirekebisha. Mtu anaweza kuniambia kwamba basi kilichoihifadhi taarifa ni kitabu cha Solinus, si simulizi za wenyeji. Nakubali kabisa, na tena naona jambo hilo linaipa nguvu hoja yangu. Hekaya ya Bath haikutoka midomoni mwa wazee wa kijiji; ilitungwa mezani na watu waliosoma, kipande kwa kipande, na kila kipande kina tarehe yake ya kuingia.

Kipande cha nguruwe na ukoma kiliingia mwishoni kabisa. Kilikuja kuchapishwa na kuenea kuanzia karne ya 17, wakati Bath ilipokuwa ikigeuka kutoka mji wa wafumaji nguo kuwa mji wa matibabu, na madaktari wakigombea wagonjwa wenye fedha. Mwaka 1699 liliwekwa jiwe la maandishi kando ya sanamu ya Bladud katika Hodhi la Mfalme. Jiwe linamtaja kuwa mfalme wa 8 tangu Brute, mwasisi wa ukoo ule wa wafalme; mwanafalsafa na mwanahesabu aliyesomea Athens, mwanzilishi wa hamamu hizi miaka 863 kabla ya Kristo; na ili asiwepo wa kubisha, linapiga hesabu kwamba hadi siku lilipochongwa imetimia miaka 2,562. Hesabu ni sahihi. Kisichokuwepo ni ushahidi wowote wa kitu kinachohesabiwa. Geoffrey hakuwa na mwaka, na aliyemfuata miaka zaidi ya 500 baadaye akaupata mwaka kamili. Historia ya kweli huwa inapoteza undani kadiri muda unavyopita. Hii ilikuwa inanenepa.

Aliyeinenepesha kuliko wote ni John Wood, mjenzi aliyeibadilisha sura ya Bath katika karne ya 18. Katika kitabu chake kuhusu mji huo, kilichotoka miaka ya 1740, Bladud ni kiongozi wa Madruidi, makuhani wa Wabritoni wa kale, na Bath ya kale ni jiji la ukubwa wa kulinganishwa na Babeli. Wood hakuwa mwongo wa kawaida. Inaonekana aliyaamini aliyoyaandika. Lakini alikuwa pia mtu aliyekuwa akichukua viwanja, akijenga nyumba za fahari na kutafuta wapangaji matajiri. Mwaka 1754, mwaka aliofariki, ujenzi wa mduara wa nyumba uitwao Circus ulianza kwa ramani yake. Ukisimama katikati na kuinua macho, utaona juu ya paa safu ya matunda ya mwaloni yaliyochongwa kwa mawe. Ni chakula cha nguruwe wa Bladud, yasemavyo masimulizi: mchungaji aliwashawishi kwa matunda hayo watoke topeni. Hekaya imewekwa juu ya paa la nyumba za kupangisha. Sijui ushahidi gani mwingine mtu angeutaka kuhusu aliyenufaika.

Wapo watakaonijibu kwa msemo tunaoujua sote, kwamba lisemwalo lipo. Je, Bladud hawezi kuwa kumbukumbu iliyochakaa ya mungu wa kale wa chemchemi? Na ukoma je? Nje ya mji, Holloway, palikuwa na hospitali ya wakoma tangu Zama za Kati, na palikuwapo pia hodhi lao. Hoja ya ukoma ina uzito: inaonyesha kwamba walioongeza ugonjwa huo kwenye hekaya walikuwa wanatazama mji wao wenyewe. Hilo linatueleza Bath ya wakoma, si ya mwaka 863 kabla ya Kristo. Kuhusu mungu wa kale, bahati nzuri hatulazimiki kubahatisha, kwa sababu ardhi imesema.

Mwaka 1727 mafundi waliokuwa wakichimba mfereji wa majitaka chini ya barabara ya Stall Street walikutana na kichwa cha shaba kilichopakwa dhahabu: ni Minerva mwenyewe. Mwaka 1790, walipochimba msingi wa jengo jipya la kunywea maji, vikaibuka vipande vya sehemu ya mbele ya hekalu, katikati yake uso wenye ndevu na macho makali. Kati ya 1878 na 1880 mhandisi wa mji, Meja Charles Davis, akafika kwenye hodhi la Warumi chini ya lile la Zama za Kati, na akalifunua hodhi kuu ambalo sakafu yake imetandikwa mabamba 45 ya risasi. Mpaka sasa maji yanamwagika kutoka chemchemini kupitia mfereji walioujenga Warumi. Maandishi ya mawe yanamtaja mungu wa mahali hapo: Sulis, ambaye Warumi walimwunganisha na Minerva wao. Tunamjua hata kuhani wake mmoja, Gaius Calpurnius Receptus, aliyefariki akiwa na miaka 75 na kuzikwa na mkewe Calpurnia Trifosa, ambaye hapo awali alikuwa mtumwa wake. Bladud hatajwi popote, kwa jina hilo wala linalokaribiana nalo.

Pigo kubwa zaidi lilitoka ndani ya chemchemi yenyewe. Mwaka 1979 na 1980 timu ya mwanaakiolojia Barry Cunliffe ilichimba tope la chini na kutoa sarafu za Kirumi zaidi ya 12,000 na vibamba kama 130 vya risasi na bati vilivyoandikwa kwa Kilatini, vingi vikiwa vimekunjwa. Watu walivitupa majini kumpelekea Sulis mashtaka. Karibu vyote vinahusu wizi: joho limeibwa, vazi la kuogea limeibwa, fedha zimechukuliwa mfukoni. Bwana mmoja aitwaye Docimedes alipoteza glavu mbili, akamwomba mungu ampofushe mwizi na kumtoa akili. Mwingine aliyeibiwa vipande 6 vya fedha alihakikisha hakuna mwanya: mwizi awe mwanamume au mwanamke, mtumwa au mwungwana, Mkristo au asiye Mkristo. Wengine waliandika maneno kinyumenyume ili siri ibaki kati yao na mungu. Msomaji wa pwani ya Afrika Mashariki hahitaji kufafanuliwa. Atasema hii ni albadiri ya Kirumi, inayosomewa mwizi asiyejulikana, ili aliyeiba arudishe au yamkute.

Na hapa ndipo hekaya ya uponyaji inapobanwa. Miongoni mwa maombi hayo 130, wanaomlalamikia mwizi ni wengi mno, na wanaoomba afya ni nadra. Simaanishi kwamba Warumi hawakuja kutibiwa. Mabaki ya hekalu na hamamu yanaonyesha wagonjwa pia walifika. Lakini mtu wa kawaida aliyesimama ukingoni na kibamba mkononi, bila kujua kwamba tutamsoma, alitaka joho lake. Hakuna aliyenufaika kwa kutudanganya kuhusu glavu mbili. Kwa hiyo namwamini Docimedes kuliko jiwe lote la 1699.

Pingamizi zito zaidi ni hili: vipi ikiwa maji yanaponya kweli? Hapo hekaya ya nguruwe, hata kama ni ya kubuni, ingekuwa imebeba uzoefu wa kweli wa wagonjwa. Ushahidi upo, na haufai kufichwa. Hospitali ya maji ya madini ya Bath ilifunguliwa mwaka 1742 kwa ajili ya maskini, na kumbukumbu zake zinaonyesha wagonjwa wengi waliofika wamepooza mikono na miguu wakaondoka na nafuu kubwa. Wengi wao walikuwa mafundi wa mabomba, wapaka rangi, na watu waliokunywa pombe ya matofaa iliyochanganyika na risasi. Walikuwa wamekula sumu ya risasi. Miaka ya 1980 madaktari wa Bristol walichunguza kinachotokea mtu anapozamishwa majini hadi shingoni kwa saa kadhaa: msukumo wa maji hupeleka damu kifuani, figo hufanya kazi zaidi, mkojo huongezeka, na pamoja nao risasi hutoka mwilini. Basi waliopona walipona. Lakini kilichowaponya ni kina cha maji na muda wa kukaa humo, jambo ambalo dimbwi lolote la maji ya vuguvugu lingelifanya. Wala ukoma hauondoki kwa njia hiyo. Hekaya iliukamata ugonjwa usio wake.

Tena maji yaleyale yalizaa hadithi za kila namna kulingana na aliyezihitaji. Mwaka 1687 malkia Mary wa Modena, mke wa James II, alioga Bath akitafuta mtoto. Mwaka uliofuata alizaa mwana. Wafuasi wa mfalme walisimamisha nguzo ya shukrani kwenye hodhi alimooga. Maadui zake wakaeneza kwamba mtoto aliingizwa chumbani kwa siri ndani ya chombo cha kupashia kitanda. Kabla mwaka 1688 haujaisha James alikuwa amekimbia nchi. Mwanzoni mwa karne ya 20, wanasayansi walipogundua radiamu katika mashapo ya chemchemi, mji ukaanza kujitangaza kwa mionzi kwa shangwe ileile uliyojitangaza nayo kwa Bladud. Radiamu ilikuwepo kweli. Manufaa yake kwa mwogaji ndiyo yaliyokuwa hekaya. Hata Mfalme Haile Selassie alipokimbia uvamizi wa Waitalia aliishi Bath, katika nyumba ya Fairfield, kuanzia 1936 hadi 1940, na hadi leo wapo wanaosema maji ndiyo yaliyomvuta.

Nitaambiwa kipimo changu ni cha mtu mwenye shaka kupita kiasi: jambo linaweza kumfaa msimulizi na bado likawa kweli. Ni sawa, na nguruwe huenda waliwahi kugaagaa kwenye tope lile; nguruwe ndivyo walivyo. Kipimo hakithibitishi uongo. Kinachofanya ni kuamua nani ana jukumu la kuleta ushahidi. Kwa maelezo yasiyomfaa mtu, kama moto wa mawe, mzigo uko kwa anayekataa. Kwa maelezo yanayoingiza fedha au heshima, mzigo uko kwa anayedai. Kwa karne 3 wanaodai nguruwe hawajaleta chochote, ilhali chemchemi imechimbwa hadi topeni.

Anayekwenda Bath siku hizi haruhusiwi kuoga katika hodhi la Warumi. Mwaka 1978 msichana mmoja alifariki kwa homa ya uti wa mgongo iliyosababishwa na amiba waliokuwa kwenye maji hayo, na tangu hapo maji ya kuogea na kunywa huvutwa kutoka visima vipya vilivyochimbwa chini zaidi. Wanaotaka kuoga huenda kwenye jengo jipya lililofunguliwa mwaka 2006. Kwa mgeni mwenye saa mbili tu, nashauri asizimalizie mbele ya sanamu ya Bladud. Aanze na kabati la kioo lenye vibamba vya risasi, ambako herufi zilizokwaruzwa kwa ncha ya chuma bado zinasomeka.